Nukta Sita Zilizosubiri Miaka Thelathini

Historia ya maandishi ya nukta nundu husimuliwa kama habari za kipaji cha kijana mmoja. Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi wa Coupvray, Ufaransa, alijichoma jicho kwa msharasi wa babaye akiwa na miaka 3. Maradhi yakahamia jicho la pili, akapofuka kabisa. Kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15 katika shule ya wasioona ya Paris, alikwisha kuupanga mfumo wake. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini shule yake yenyewe iliukubali rasmi mwaka 1854 tu, miaka 2 baada ya kifo chake. Naona sababu ni moja: maandishi ya kusomwa kwa vidole yalikuwa yakipimwa na watu wanaosoma kwa macho.

Valentin Haüy, aliyeanzisha shule hiyo katika miaka ya 1780, alichapa vitabu kwa kukandamiza karatasi mbichi juu ya herufi kubwa za risasi hadi maumbo yakatuna. Mwalimu mwenye kuona alizisoma papo hapo. Mwanafunzi alipapasa kila pindo la kila herufi, katika kitabu kizito kupindukia, na kuandika kwa njia hiyo hakuweza. Charles Barbier, mwanajeshi wa zamani, ndiye aliyeleta nukta, hadi 12 kwa kila alama, tena za kuwakilisha sauti, bila tahajia. Braille alizipunguza zikawa 6, safu mbili za tatu tatu, zinazoenea chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Kwa kibao na chuma chenye ncha, mwanafunzi alidonoa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, akaigeuza, akasoma maneno yake mwenyewe.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito: maandishi ya pekee yangewatenga wasioona na jamaa zao. Braille hakuipuuza, mwaka 1839 alitangaza njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona amwandikie anayeona. Hata hivyo Pierre-Armand Dufau, aliyeshika uongozi wa shule mwaka 1840, alizipiga marufuku nukta 6, na wanafunzi wakaendelea kuzitumia kwa siri. Huo, kwangu, ndio ushahidi mzito kuliko wote: mtoto hahatarishi adhabu kwa ajili ya chombo kisichomfaa. Mtu anaweza kusema kwamba Haüy na Barbier walikuwa wanaona, na bila wao pasingekuwa na shule wala nukta. Ni kweli, na deni lao ni kubwa. Lakini kubuni ni kazi moja, na kuamua kipi kinasomeka ni kazi nyingine.

Kazi hiyo ya pili ilikuja kupata wenyewe mjini London mwaka 1868. Thomas Rhodes Armitage, tabibu aliyeacha udaktari kwa kupungukiwa na uwezo wa kuona, aliunda kamati ya wasioona. Sharti la kuingia lilikuwa kujua walau mifumo mitatu kwa vidole na kutokuwa na maslahi ya fedha katika wowote. Walilinganisha mifumo yote iliyokuwapo kwa takriban miaka 2, kisha wakachagua nukta za Braille.