Fomu ya Novemba na ugomvi wa madaktari wa Washington

Jamani, msimu wa fomu umefika tena. Kila Novemba hapa Wheaton mama watoto na mimi tunakaa mezani na makaratasi mawili, la kazini kwake na la kazini kwangu, tunapiga hesabu za bima ya afya. Safari hii mdogo wangu alipiga simu kutoka Morogoro tukiwa katikati ya mahesabu, akauliza: "Kaka, kwani huko bima si mnapewa na serikali?" Nikamwambia hapana, wengi wetu tunapewa na bosi. Akacheka kweli kweli. Basi ngoja nieleze ilikuwaje, maana kipande kizuri cha historia hii kilitokea hapa hapa jirani.

Wengi huanzia Dallas, Texas, mwaka 1929. Justin Kimball wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor aliona walimu wengi wanadaiwa. Akabuni mpango: mwalimu atoe senti 50 kwa mwezi, akiugua alazwe hadi siku 21 bila kudaiwa. Huko ndiko ilikotoka Blue Cross. Angalia walivyojiunga: kwa kundi, kupitia kazini. Kisha ikaja vita, na mwaka 1942 serikali ikazuia mishahara isipande. Makampuni yalikuwa yanagombania wafanyakazi, yakaanza kuwavuta kwa bima, kwa kuwa bima haikuhesabiwa kuwa mshahara. Mwaka 1954 Bunge likaandika kwenye sheria ya kodi kwamba bima anayokulipia mwajiri haikatwi kodi. Rais Truman alikuwa amependekeza bima ya taifa zima mwaka 1945, ikagonga mwamba.

Sasa njoo Washington. Mwaka 1937 wafanyakazi wa shirika la serikali la mikopo ya nyumba walianzisha ushirika wao wa matibabu, Group Health Association. Walichanga kila mwezi, wakaajiri madaktari wao wenyewe kwa mshahara, wakafungua kliniki. Kwetu sisi tuliokulia kwenye vyama vya ushirika vya kahawa na pamba, jambo hilo halina ajabu. Lakini chama cha madaktari cha mji na kile cha taifa, AMA, vilikuja juu. Daktari aliyekubali kuajiriwa pale alitishiwa kufukuzwa chamani, na hospitali za mji zikawafungia milango. Fikiria umelipa mchango wako, mtoto anahitaji upasuaji, daktari wako yupo, ila hospitali haimruhusu kuingia na kisu chake!

Desemba 1938 vyama hivyo vikashtakiwa kwa sheria ileile inayotumika dhidi ya makampuni yanayohodhi soko. Vilijitetea kwamba udaktari si biashara. Mwaka 1941 vikatiwa hatiani: AMA faini dola 2,500, chama cha Washington dola 1,500. Januari 1943 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali hukumu hiyo, ikisema ushirika ule unafanya biashara na kuuhujumu ni kosa. Faini ya vijisenti, lakini mlango ulifunguka.

Ndiyo maana karatasi iliyo mezani kwetu ina njia mbili. Moja ni ya kliniki na madaktari wa mpango wenyewe, mchango nafuu, ila ukitoka nje ya mpango umejilipia. Ya pili inakuachia uchague daktari karibu popote, ila unatoa kwanza maelfu mfukoni. Sheria ya mwaka 1973, aliyosaini Nixon, ndiyo iliyosukuma waajiri kuweka ile ya kwanza kwenye fomu. Group Health yenyewe iliuzwa kwa Humana mwaka 1994, na mwaka 1997 ikaangukia kwa Kaiser Permanente, ambao wana kituo hapo Kensington, mwendo mfupi tu kutoka kwetu.

Wanaobeba maboksi kwa mawakala au kuendesha teksi hawana bosi wa kuwapa fomu. Hao tangu Oktoba 2013 wana soko la jimbo, Maryland Health Connection.

Lakini kinachotuumiza vichwa kweli ni neno "familia". Mwajiri mkubwa anatakiwa na sheria ya mwaka 2010 awape bima watoto wa mfanyakazi mpaka wafike miaka 26. Mke au mume, halazimishwi. Wazazi ndio hawamo kabisa. Bima yetu ya nyumbani, NHIF, iliyotungiwa sheria mwaka 1999 na kuanza 2001 kwa watumishi wa serikali, nayo ilifungwa kwenye kazi: asilimia 3 ya mshahara kwako, 3 kwa mwajiri. Ila ilihesabu mwenza na wategemezi wanne, na mzazi aliweza kuwa mmoja wao. Huku mama akija na makaratasi halali akiwa na miaka 70, Medicare ya wazee ataisubiri miaka mitano.

Na mama anakuja Machi. Kwa hiyo hesabu yetu ina mstari ambao haumo kwenye fomu yoyote: bima yake ya kununua pembeni. Mama watoto anataka tuchukue ile ya kliniki ili pesa inayobaki iende huko. Mimi nasita, maana daktari wa pumu wa binti yetu hayumo kwenye orodha yao. Fomu inatakiwa Ijumaa.