Meli za Kivita Hupangwa Miaka 30 Mbele: Hawa Ndio Wenye Usemi

Kama umewahi kujenga nyumba huku mama mkwe, fundi na sacco wote wanatoa maoni, basi nusu ya hii stori ya jeshi la wanamaji la Marekani unaijua.

Sheria huko inalitaka jeshi hilo lipelekee Kongresi, pamoja na bajeti ya kila mwaka, mpango wa kuunda meli kwa miaka 30 ijayo. Mbona mbali hivyo? Meli moja kubwa huchukua miaka kuundwa, na welda mkali haokotwi stage. Yadi ikikosa kazi, hao wasee wanasepa.

Wadau ni hawa:

Wanamaji: wanataka meli zenye nguvu, tena nyingi.

Kongresi: ndio wameshika ganji. Desemba 2017 waliweka lengo la meli 355 kwenye sheria. Pia, kila mbunge anataka kazi ibaki mtaani kwake.

Yadi: ziko chache. Meli za nyuklia za kubeba ndege huundwa Newport News, Virginia, pekee.

Wakaguzi: ofisi ya bajeti ya Kongresi hupiga hesabu upya, na mara nyingi bei yao inazidi ya wanamaji.

Sasa cheki vile mambo huharibika. Mwaka wa 2020, yadi ya Fincantieri kule Marinette, Wisconsin, ilipewa kazi ya manowari za Constellation. Form ilikuwa rahisi: chukua dizaini ya Ulaya ambayo tayari iko baharini, okoa muda. Lakini wanamaji wakaanza kuongeza hiki, kubadilisha kile, hadi meli ikawa nyingine kabisa. Ujenzi ulianza 2022 kabla michoro kuisha. Meli ya kwanza, iliyotarajiwa 2026, ikasukumwa hadi 2029. Novemba 2025, meli nne ambazo hazikuwa zimeanzwa zikafutwa, zikabaki mbili.

Noma ni kwamba karibu kila badiliko lilikuwa na sababu yake. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "imetosha" mapema.

Kwa hivyo ukipewa mradi wenye wadau wengi, hata kama ni ploti ya chama, fanya hivi: funga michoro kabla ya kununua mawe, mwenye doo aambiwe bei ya ukweli mapema, na kila anayetaka badiliko aonyeshwe litakula pesa ngapi na miezi mingapi. Hapo ndipo utajua nani analihitaji kweli.