Dini ya Papa na mkono wazi: kwa nini wazee wa Jinja na Mbale hawahami chama

Wenzangu, wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na nimechagua siasa. Msikimbie. Sisi wakimbizi hatupigi kura Uganda, tunajua, lakini tunapanga kwenye nyumba za watu wanaopiga.

Mzee anayenipangisha hapa Jinja ni mtu wa UPC, wale wa alama ya mkono wazi. Mwaka 2006 mgombea wao wa urais, Miria Obote, hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Mzee alimpigia. Mwaka 2011 akampigia Olara Otunnu, ambaye siku ya uchaguzi hakwenda hata kujipigia kura mwenyewe. Mzee alienda! Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini lakini?" Akacheka. "Wewe jina la babu yako umelibadilisha mara ngapi?"

Nilidhani ananikwepa. Nikaanza kusoma, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni hesabu ya miaka. Desemba 1969 Obote alipigwa risasi akapona, na vyama vya upinzani vikapigwa marufuku. Januari 1971 Amin akachukua nchi, vyama vyote kimya. Vikarudi kwa uchaguzi wa 1980. Julai 1985 Obote akapinduliwa tena, na 1986 NRM ikaingia na kusema hakuna kufanya kampeni kwa jina la chama, kila mtu asimame mwenyewe. Hali ikaendelea hivyo mpaka kura ya maoni ya Julai 2005. Yaani katika miaka 36, vyama vilishindana hadharani kama mitano tu. Na bado 1980 DP na UPC ziliinuka kama watu waliokuwa wamelala mchana.

Sasa chama kisicho na mkutano wala kampeni kinaishi wapi miaka yote hiyo? Kwa ninavyoona, kiliishi kanisani, shuleni na matangani.

DP ilianzishwa 1954, na wengi wake walikuwa Wakatoliki waliochoka kuona vyeo vinaenda kwa Waprotestanti. UPC ilizaliwa 1960. Watu wakatania kwamba DP maana yake ni Dini ya Papa, na UPC ni umoja wa Waprotestanti wa Canterbury. Utani, ndiyo, lakini angalia shule. Obote mwenyewe alisoma Busoga College Mwiri, shule ya Waanglikana pale mlimani karibu na Jinja. Upande wa Mbale, Waanglikana walikuwa na Nabumali, Wakatoliki wana misheni ya Nyondo. Mwalimu aliyemfundisha baba yako kusoma ndiye aliyemwandikia barua ya kuomba kazi, na ndiye huyohuyo aliyekuja jioni kuongea habari za chama. Utamkatalia vipi?

Ila tusiseme kila kitu ni dini. Mbale ilikuwa na ugomvi wake: mji ni wa Bugisu au wa Bukedi? Ulikuwa mkali mpaka katiba ya 1962 ikaufanya mji kuwa eneo la peke yake. Halafu kuna kahawa ya Mlima Elgon na chama cha ushirika cha Bugisu, BCU, cha tangu 1954. Mkulima pale anauliza kwanza nani anasimamia bei. Nandala Mafabi, aliyekuwa katibu mkuu wa FDC, amewahi kuongoza BCU, na sidhani hayo mawili yanatenganishika machoni pa mkulima wa Sironko.

Halafu kuna damu. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza. Wawili walikuwa wa mashariki huku: Mathias Ngobi wa Busoga na Balaki Kirya wa Bukedi. Walikaa ndani mpaka Amin alipowatoa 1971. Ungetegemea Busoga nzima ihame UPC siku hiyo. Lakini 1973 Shaban Nkutu, Mwislamu wa Busoga aliyekuwa waziri wa UPC, alikamatwa hapahapa Jinja na utawala wa Amin, akauawa. Mzee wangu akimtaja Nkutu anapunguza sauti hadi leo. Kwake kuhama chama ni kama kuliacha kaburi.

Sisi wa Kongo tunaweza kulinganisha. Kwa sheria ya Mobutu kila Mzaire alizaliwa mwanachama wa MPR. Baba yangu alivaa beji miaka mingi. 1997, anavyosimulia mwenyewe, aliitupa chooni asubuhi moja akaenda kunywa chai. Lakini watu wa UDPS, chama kilichopigwa na kufungiwa tangu 1982, wengi walibaki. Mimi nasoma hivi: chama ulichopewa kwa amri unakiacha bila uchungu, kile ulichokiteseka hukiachi.

Na watu wanahama pia, tusidanganyane. Busoga iliipa NRM kura miaka mingi, halafu 2021 ikampa Kyagulanyi wa NUP. Wajukuu wa mzee wote ni NUP. Babu yao alipata kazi Nytil, kiwanda cha nguo, enzi umeme wa bwawa la Owen Falls bado mpya. Wao hawakuipata kazi hiyo. Hawakurithi kazi wala kadi, basi wanamdai nini UPC?

Nyie mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkisikia vijana wetu wamefukuzwa mahali kwa ajili ya fulana, msishangae. Wakati wa kampeni fulana zinagawiwa bure, na fulana ya bure ni fulana. Lakini rangi inasoma historia yote hii. Kofia nyekundu ya bereti tangu 2019 imehesabiwa kuwa vazi la jeshi, hiyo usiiguse kabisa. Mimi nilileta fulana ya njano nyumbani, mzee akaitazama muda mrefu. Akasema naweza kuivaa, ila ndani ya geti, siku ya kufua.