Kwa nini mlango wa chumba cha marubani hufungwa safari nzima

Na MWANDISHI WETU

MSAFIRI aliyezoea ndege katika miaka ya themanini na tisini atakumbuka jinsi mtoto alivyoweza kumwomba mhudumu ampeleke kumwona rubani akiwa kazini. Siku hizi ombi hilo halikubaliwi ndege ikiwa angani. Mlango unaowatenganisha marubani na abiria hufungwa kabla ya safari kuanza, na hadi ndege itue hufunguliwa kwa nadra na kwa utaratibu maalumu.

Mabadiliko hayo yaliletwa na misiba na mikasa, na baadhi yake ilitokea katika safari za kuja Nairobi.

Novemba 23, 1996, ndege aina ya Boeing 767 ya shirika la Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi ikiwa na watu 175. Wanaume watatu waliingia katika chumba cha marubani na kuamuru ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaeleza kuwa mafuta hayangetosha, lakini hawakumsadiki. Mafuta yalipokwisha, ndege ilianguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, visiwani Komoro. Watu 125 walifariki, miongoni mwao mpigapicha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin.

Miaka minne baadaye, Desemba 29, 2000, ndege ya British Airways iliyokuwa ikitoka London ilinusurika chupuchupu katika anga ya Sudan. Abiria mmoja aliyekuwa na matatizo ya akili alijipenyeza hadi kwa marubani na kuung'ang'ania usukani. Ndege hiyo aina ya Boeing 747, iliyobeba watu 398, iliporomoka maelfu ya futi kabla ya wafanyakazi na abiria kumdhibiti mtu huyo. Ilitua Nairobi salama.

Hata hivyo, ulimwengu ulizinduka kikamilifu Septemba 11, 2001, watekaji nyara walipovamia vyumba vya marubani vya ndege nne nchini Marekani. Takriban watu 3,000 waliuawa.

Kanuni za kimataifa

Baada ya mashambulizi hayo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) liliagiza kwamba kuanzia Novemba 1, 2003, kila ndege ya abiria yenye uzito wa zaidi ya kilo 45,500 wakati wa kupaa, au yenye viti zaidi ya 60, iwe na mlango usiopenya risasi za bunduki ndogo wala vipande vya guruneti. Aidha, mlango huo sharti uweze kufungwa na kufunguliwa na rubani akiwa kitini, na pawepo njia ya kumtambua anayetaka kuingia.

Ndege ndogo hazikujumuishwa. Anayepanda Cessna Caravan katika uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara huketi hatua chache tu nyuma ya rubani. Katika safari za aina hiyo, ukaguzi wa abiria na mizigo kabla ya kupanda ndio kinga kuu.

Nani huingia, na kwa njia gani?

Wanaoruhusiwa kuingia ni wafanyakazi walio kazini katika safari hiyo, wakaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga, na wengine wachache waliopewa idhini kwa mujibu wa kanuni. Hata hao humtegemea nahodha wa ndege, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Mhudumu anayepeleka chakula huwasiliana kwanza na marubani kwa simu ya ndani. Rubani humtazama kupitia kamera au kitundu cha mlangoni, na akiridhika hulegeza komeo. Rubani anapotoka kwenda msalani, wahudumu huziba ujia, mara nyingi kwa kigari cha chakula, ili abiria asikaribie wakati mlango uko wazi.

Itakuwaje basi marubani wakizirai? Wahudumu wana namba ya siri ya dharura. Ikibonyezwa, kengele hulia ndani ya chumba, na kama hakuna anayejibu katika muda uliowekwa, komeo hulegea kwa sekunde chache. Lakini rubani aliye ndani anaweza kulikataa ombi hilo, kwa kuwa huenda namba hiyo imetolewa kwa kutishiwa bunduki.

Hatari iliyo ndani

Uwezo huo wa kukataa ndio uliozua balaa jingine. Novemba 29, 2013, nahodha wa ndege ya shirika la LAM la Msumbiji alimfungia nje msaidizi wake na kuiangusha ndege nchini Namibia. Watu 33 walikufa. Februari 2014, rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines alimfungia nje nahodha aliyekwenda msalani, akaipeleka ndege Geneva na kuomba hifadhi. Hakuna aliyeumia.

Kisha Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alibaki peke yake na kuielekeza ndege kwenye milima ya Alps nchini Ufaransa. Watu wote 150 waliangamia, huku nahodha akiugonga mlango bila mafanikio.

Siku chache baadaye, wasimamizi wa usafiri wa anga barani Ulaya walishauri kwamba watu wasiopungua wawili wawe ndani ya chumba hicho nyakati zote. Mwaka 2016 waliyaachia mashirika yapime hatari na kuamua yenyewe. Sheria ya Ulaya ya 2018 nayo iliyataka mashirika kuwapima marubani kisaikolojia kabla ya kuwakabidhi ndege, na kuwawekea mpango wa msaada ili mwenye dhiki aweze kuisema mapema.

Ni dhahiri kwamba mlango imara humzuia adui wa nje, lakini hauwezi kuujua moyo wa aliye ndani. Ndiyo maana afya ya rubani sasa ni sehemu ya usalama sawa na komeo lenyewe.

Kwa upande wake, abiria anaweza kusaidia. Akiona ujia umezibwa kwa kigari, na asubiri kitini pake. Asigonge mlango huo wala kuufanyia mzaha, na akishuku jambo amwarifu mhudumu bila kukawia.