Karatasi za Marehemu

Nilipokuwa likizo Chake Chake, kijana mmoja anayesoma fizikia alinikalisha barazani baada ya sala ya Isha akitaka nimthibitishie jambo: kwamba Nikola Tesla alipofariki, serikali ya Marekani ilizichukua karatasi zake na kuzitia kufuli, na ndiyo maana sisi Wapemba tunaulipia umeme unaovuka bahari kutoka Tanga.

Nusu ya habari hiyo ni kweli. Tesla alifariki hotelini New York Januari 1943, vita vikiendelea, na ofisi ya mali za wageni ilizichukua karatasi zake ingawa alikuwa raia wa Marekani tangu 1891. Mhandisi John G. Trump alizikagua, akaripoti kwamba hakuona siri ya hatari. Baadaye zilikabidhiwa kwa jamaa zake, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Belgrade. Uvumi haukufa, nami siwalaumu wanaouendeleza. Serikali iliyoanza kwa kufunga mlango haina haki ya kushangaa watu wakikisia kilichomo ndani.

Lakini nilimkumbusha kijana yule kwamba tunacho kisa cha karibu zaidi, na ndani yake hamna kufuli la serikali hata moja.

David Livingstone hakuwa mmisionari tu. Alikuwa tabibu, mpimaji wa nyota na mito, na mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi ya Uingereza. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, katika Kongo ya leo, ameishiwa karatasi na wino. Akaandika kwa maji ya matunda ya porini juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa. Julai 15 mwaka huo wafanyabiashara waliotoka pwani waliwamiminia risasi watu waliojaa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni.

Habari hiyo aliinakili kwa wino mzuri katika daftari jingine, na mwaka 1872 akamkabidhi Stanley daftari hilo likiwa limepigwa lakiri, na agizo kwamba lisifunguliwe. Barua zake kuhusu mauaji yale ziliitikisa Uingereza. Juni 5, 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Livingstone alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja kabla. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake na karatasi zake hadi Bagamoyo, na mwaka 1874 Horace Waller akatoa kitabu cha kumbukumbu zake za mwisho.

Zile kurasa za gazeti zilibaki. Maji ya matunda yalififia hata jicho lisiweze kuyasoma, na kwa miaka 140 dunia ilisoma nakala tu. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yakajitokeza, na wakayaweka wazi kwa kila mtu. Ikaonekana kwamba nakala haikuwa sawa na asili. Livingstone alikuwa akihudumiwa na watumwa wa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, walioajiriwa kwa ajili yake kupitia ubalozi wa Uingereza. Katika shajara ya mwanzo shaka yake juu ya mwenendo wao ni nzito zaidi, kiasi cha watafiti kuuliza kama baadhi yao walihusika katika ghasia za siku ile. Aliponakili, makali hayo yalipungua.

Hapa ndipo ninapotofautiana na kijana wangu. Yeye anamtafuta aliyeficha. Mimi namwogopa zaidi anayenakili, kwa sababu yeye hahitaji ufunguo, na kazi yake husifiwa. Historia ya utumwa tuliyosomeshwa skuli ilijengwa juu ya nakala: mwema mmoja kutoka Ulaya, waovu wote kutoka pwani, na mwisho mwema mwaka 1873. Kisiwa hiki kinajua vingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba, mashamba yetu yakahitaji mikono, na majahazi yaliendelea kushusha watumwa kwa magendo kwenye ghuba zetu miaka mingi baada ya mkataba. Hadhi ya utumwa kisheria iliondolewa 1897. Wajukuu wa walioshushwa na wajukuu wa waliowanunua wanakaa baraza moja, na mara nyingi ni watu wale wale.

Kijana akaniuliza kama wapo Waafrika walioandika safari ile. Yupo mmoja, nikamwambia: Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nashik, India. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale kwa Chitambo, alipofia Livingstone, na aliandika shajara yake mwenyewe kwa Kiingereza. Kwa muda mrefu ilijulikana kwa tafsiri ya Kijerumani tu. Maandishi ya mkono wake yaliwekwa mtandaoni mwaka 2019.

"Nani aliyafungia?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sijasikia hata uvumi.