Jino na Chipukizi Lake: Hoja kutoka Karagwe na Kyerwa

Mkulima wa Karagwe anayekutembeza kibanjani mwake hahesabu migomba, anahesabu mashina. Katika shina moja lililotunzwa husimama vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, binti aliyefika kiunoni, na mjukuu aliyechomoza udongoni majuzi. Mama akikatwa, kibanja hakibaki na pengo. Nimeanza na mgomba kwa sababu sijapata mfano ulio karibu zaidi na yale yanayotendeka ndani ya taya la mamba wa Mto Kagera, mto unaozitenga wilaya hizi za Tanzania, Karagwe na Kyerwa, na Rwanda kwa upande wa magharibi na, huko Kyerwa, na Uganda kwa upande wa kaskazini.

Mamba ana meno sitini na kitu, kila moja limesimama katika shimo lake. Chini ya jino linalofanya kazi limejificha jino changa, na kando ya hilo changa kuna utepe mwembamba wa tishu wenye seli shina, ambao kazi yake ni kuanzisha jino la tatu. Mama, binti, mjukuu. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Cheng-Ming Chuong wa Chuo Kikuu cha Southern California waliieleza familia hiyo hatua kwa hatua kwa kuchunguza taya za aligeta wa Marekani, ndugu wa mbali wa mamba wetu. Shimo moja, walisema, linaweza kutoa hata meno 50 katika maisha ya mnyama mmoja. Poole, aliyemchunguza mamba wa Nile, yaani spishi hii hii ya Kagera, alikuwa ameshafikia makadirio yanayokaribiana na hayo mwaka 1961.

Makala hii inadai kwamba kubadilika kwa meno huelezwa kinyume, hata katika vitabu vya shule. Husemwa kwamba jino huchakaa, hung'oka, kisha jingine huota kuziba pengo, kana kwamba mwili unakarabati nyumba iliyobomoka. Sivyo. Jino jipya hutangulia. Likishakua hulisogelea lile la zamani, seli maalumu huumeng'enya mzizi wa lile la zamani, na mwishowe linalobaki ni kichwa cha jino kisicho na kishikizo. Kwa mamba, jino changa huingia ndani kabisa ya uvungu wa jino kuukuu na kulivaa kama kofia, mpaka kofia hiyo idondoke. Jino haliotishwi na pengo. Pengo ndilo linaloletwa na jino linaloota.

Ushahidi wake uko katika kila nyumba yenye mtoto wa miaka sita au saba. Jino la mbele linalotoka kinywani mwake, kabla hajalirusha juu ya bati kama walivyofanya wazazi wake, halina mzizi. Wazazi wengi hudhani mzizi umekatikia ndani ya ufizi. Haukukatika, umeliwa kutoka chini na jino linalokuja. Na ushahidi wa upande wa pili una nguvu zaidi: mtu aliyezaliwa bila chipukizi la jino fulani la kudumu anaweza kubaki na jino lake la utotoni katika nafasi hiyo hadi utu uzima. Binti hayupo, basi mama hana wa kumwondoa.

Tukiupokea mpangilio huo, mengi ya wanyama wenye uti wa mgongo yanafahamika. Samaki walio wengi hubadili meno maisha yao yote, na papa wa baharini hubeba safu nyuma ya safu. Kifutu anayejilaza kwenye majani makavu ya migomba ana akiba ya meno ya sumu nyuma ya yale yanayotumika, kila moja katika hatua yake ya ukuaji, na jipya hushika nafasi yake karibu na la zamani kabla la zamani halijaanguka. Ndiyo maana kumng'oa nyoka meno hakumfanyi kuwa salama. Kenge naye hubadili. Lakini kinyonga habadili. Meno yake yameungana na ukingo wa mfupa wa taya, na kinyonga mzee huonekana meno yamelika karibu yaishe.

Kinyonga ananipa kazi, kwa sababu anavunja maelezo mepesi kwamba reptilia hubadili meno na mamalia hawabadili. Yeye ni reptilia kamili. Tofauti yake iko katika namna ya kutafuna: yeye na jamaa zake wenye meno yaliyoungana na mfupa hukutanisha meno ya juu na ya chini kwa mpangilio maalumu, wakati mamba hukamata, hurarua na kumeza. Jino la mamba halina haja ya kulingana na jino la upande wa pili. La kutafuna linayo. Na meno yanayopaswa kulingana hayawezi kupokezana kila mara bila kuuvuruga ulinganifu huo, kama ambavyo mawe mawili ya kusagia yaliyokwisha kuzoeana hayasagi vizuri ukibadili moja kila mwezi.

Hapo ndipo anapoingia ng'ombe, na kwa Mnyambo, mwenyeji wa Karagwe, hakuna mnyama anayestahili maelezo marefu zaidi. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu huishi kwa nyasi, chakula kigumu, chenye mchanga wa silika ndani yake, kinachotaka kusagwa mara mbili: anapokula na anapocheua. Kinywa chake ni kinu cha ufundi wa hali ya juu. Mbele taya la juu halina jino hata moja, ni ufizi mgumu tu. Taya la chini lina meno 8 ya kukatia majani. Nyuma yamejipanga magego 24. Jumla 32. Na ndama ana 20. Hesabu hizo ni zile zile za binadamu, 20 za utotoni na 32 za ukubwani, ingawa zimegawanyika tofauti kinywani.

Mfugaji na afisa mifugo husoma umri humo. Jozi ya kwanza ya meno ya mbele hubadilika ng'ombe akiwa na karibu miaka 2, na jozi zinazofuata hupishana hadi miaka 4 au 5, ng'ombe wa asili wa Afrika wakichelewa kidogo kuliko wa Ulaya. Mnunuzi mnadani akifungua mdomo wa dume na kuona meno manne mapana katikati ya madogo, anajua alichonacho. Baada ya hapo hakuna tarehe nyingine ya kusoma ila uchakavu. Binti ameshika nafasi, na mjukuu hayupo. Ule utepe wa seli shina ambao kwa mamba haufi, kwa ng'ombe na kwa mtu huvunjikavunjika na kutoweka baada ya kizazi cha pili kuanzishwa. Magego ya nyuma kabisa hayabadiliki hata mara hiyo moja.

Kwa nini mamalia walikubali hasara hiyo? Fosili za Morganucodon, mnyama mdogo kama panya aliyeishi miaka milioni 200 hivi iliyopita, zinaonyesha meno yaliyobadilika mara moja tu na magego yanayokutana kwa usahihi. Maelezo yanayonishawishi zaidi yanaunganisha mambo mawili: kusaga, na maziwa. Mtoto anayenyonya hahitaji meno wakati taya lake likikua kwa kasi, hivyo seti moja ndogo na moja kubwa zinamtosha, ilhali mamba anayetoka yaini lazima ajikamatie chakula tangu siku za mwanzo, na taya lake hurefuka kwa miaka mingi likidai meno makubwa zaidi kila hatua. Wapo wanaoiona hali ya mamalia kuwa ni kudhoofika. Sikubaliani nao. Bila meno yanayodumu na kulingana, nyasi za vilima vya Karagwe zisingegeuka maziwa.

Tembo huonekana kuivunja sheria hii ya mamalia ya vizazi viwili vya meno. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda, Rumanyika na Burigi yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa. Tembo wa hifadhi hizi za Kagera hupata magego 6 katika kila upande wa kila taya, moja baada ya jingine, yakisukumwa kutoka nyuma kuja mbele huku la mbele likimeguka vipande. Richard Laws aliitumia safari hiyo ya magego mwaka 1966 kuwapanga tembo wa Afrika Mashariki katika makundi 30 ya umri. Lakini tembo hajaivunja sheria. Magego matatu ya kwanza ni ya utotoni na matatu ya mwisho ni ya ukubwani, na hakuna jino linaloota chini ya jingine. Alichofanya ni kuyapa nafasi kwa zamu yale ambayo mamalia wengine huyatumia pamoja. La sita likilika, kwa kawaida akiwa amepita miaka 60, hana jingine, na njaa humkuta amesimama kwenye majani. Anayeivunja sheria kweli ni mdogo kuliko wote: fuko Heliophobius, mchimbaji anayepatikana Tanzania, ambaye watafiti walionyesha mwaka 2011 kwamba magego mapya humwotea nyuma ya taya bila kukoma.

Yote haya yanaishia kwa mtoto mchanga, na kwake ndiko nilikotaka kufika. Ng'ambo ya mpaka wa Murongo, nchini Uganda, kuna imani kwamba homa na kuhara kwa mtoto wa miezi michache husababishwa na ebiino. Mzizi wa neno hilo ni ule ule wa jino, lakini limevikwa kiambishi kinacholishusha hadhi. Tanzania huitwa meno ya plastiki. Mganga hupapasa ufizi, huona uvimbe mweupe mahali pa chonge, huuchimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli, na kumwonyesha mama kitu laini cheupe kama funza. Mtafiti Pindborg aliandika kuhusu madhara ya kung'oa machonge ya watoto Uganda mwaka 1969. Watafiti Hiza na Kikwilu waliyaandika ya Tanzania katika miaka ya 1990.

Kile kitu cheupe ni chipukizi la chonge la utotoni, ambalo lingechomoza mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Jirani yake kabisa, katika mfupa huo huo laini, chonge la kudumu huanza kuwekewa madini mtoto akiwa na miezi 4 hadi 5, yaani katika umri ule ule wa spoku, ingawa halitaonekana hadi kati ya miaka 9 na 12. Chombo kinachomchimbua mama humjeruhi binti. Mamba angepoteza hivyo, utepe wake ungeanzisha mwingine. Mtoto wa Kyerwa hana utepe huo. Hata dawa ya kuotesha meno ambayo watafiti wa Kyoto, Japani, walianza kuijaribu mwaka 2024 kwa wanaume 30, inayozuia protini iitwayo USAG-1, inategemea machipukizi yaliyolala tayari ndani ya taya. Haiumbi jino mahali pasipo na kitu.

Mtoto akiharisha na ufizi ukavimba, kinachomuua ni kuhara na kukauka maji mwilini. Apewe maji yenye chumvi na sukari maalumu ya kuhara, aendelee kunyonyeshwa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Ninawaomba wauguzi wa kliniki za watoto katika wilaya hizi mbili wamwonyeshe kila mama mahali pa chonge kwenye ufizi wa mwanawe kabla mtu mwingine hajamwonyesha, na wamweleze kwamba chini yake kuna jino la ukubwani, na chini ya hilo hakuna tena.