Paa Lilibadilika, Ukuta Ukabaki: Mvua ya Mawe na Nyumba za Shinyanga

Usiku wa Jumanne, 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliipiga kata ya Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Watu zaidi ya 40 walikufa. Maelfu walibaki bila makazi, mazao yakalala chini, mifugo ikafa. Kulipokucha kulikuwa na barafu kwenye nchi ambayo wengi wetu shuleni tuliifahamu kwa ukame tu.

Magazeti yaliandika kwamba mvua ya mawe imeua. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mvua ya mawe si ngeni kanda hii. Mtu akipigwa na jiwe la barafu kichwani anaweza kufa, ila sehemu kubwa ya vifo vya usiku ule ilitokana na nyumba za udongo kuanguka juu ya watu waliokuwa ndani. Kwa hiyo swali la mwanahistoria si kwa nini barafu ilianguka. Swali ni hili: nyumba zile zilifikaje kuwa vile?

Kwanza tuelewe barafu yenyewe. Shinyanga iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua lake mnalijua. Lakini ukipanda angani kufikia mita 4,500 au 5,000, maji yanaganda hata huku karibu na Ikweta. Wingu kubwa la mvua linavuta hewa ya moto kwenda juu kwa nguvu; matone yanabebwa, yanaganda, yanazidi kunenepa, mpaka upepo unashindwa kuyashikilia. Hapo ndipo yanashuka. Kiswahili kimeazima neno theluji kutoka Kiarabu na barafu kutoka Kiajemi, lakini kwa kitu hiki watu hawakuazima. Waliita mawe, na walikuwa sahihi.

Sasa piga hesabu kidogo. Barafu ikijikusanya juu ya paa kwa kina cha sentimita 10, hata ukitoa nafasi za hewa kati ya punje, kila mita ya mraba inabeba kilo 50 au zaidi. Chumba cha mita nne kwa sita kinakuwa na zaidi ya tani moja kichwani. Kama paa limelala, mzigo haushuki. Unakaa pale, unayeyuka taratibu, na maji yanapenya kwenye ukuta.

Wazee walijibu vipi tatizo hili? Usukumani nyumba ya zamani ilikuwa msonge: duara, paa la nyasi lililochongoka, kingo zake zikishuka chini sana kuzidi ukuta. Jiwe la barafu likigonga nyasi linapunguzwa nguvu, kisha linateleza. Maji yanadondoka mbali na ukuta. Upande wa Unyamwezi kulikuwa na tembe, ambalo wasafiri wa karne ya 19 kama Burton walilieleza: paa bapa la udongo. Hilo kweli linashika barafu. Lakini uzito wake ulipokewa na nguzo nene za miti migumu, si ukuta wa udongo peke yake. Yaani kila nyumba ilikuwa na hoja yake.

Hoja hizo zote mbili zilihitaji msitu na nyasi ndefu. Na hapo ndipo historia inapoingia kwa shoka. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, chini ya Swynnerton na idara yake ya mbung'o iliyokuwa na makao Shinyanga, iliendesha kampeni ya kufyeka mapori ili kumfukuza mdudu huyo. Baada ya vita ya pili ya dunia mashamba ya pamba yakapanuka, na mifugo nayo ikaongezeka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, ambayo Shinyanga iliipata kwa nguvu mwaka 1974. Familia zilihama kutoka miji yao iliyozungukwa na uzio wa minyaa na miti, zikapangwa kwa mistari mahali pa wazi, zikajenga upya kwa haraka. Ngitili, zile hifadhi za majani ambazo kila kaya au ukoo ulizitunza, zikapotea nyingi.

Nguzo nene zikawa adimu. Nyasi za kuezekea zikawa za kununua. Bati, ambalo enzi za pamba lilikuwa alama ya mtu aliyefanikiwa, likawa suluhisho la kila mtu.

Silisemi bati kwa ubaya. Halishiki moto kama nyasi na linakupa maji ya kunywa. Tatizo ni kwamba bati linauzwa kwa kipande. Ukitaka paa lipande juu, unaongeza bati. Ukitaka kingo zitoke nje kulinda ukuta, unaongeza bati. Basi mwenye kipato kidogo anapunguza vyote viwili: paa linalala, kingo zinafupishwa, bati lenyewe ni la geji 32, jembamba kabisa, na badala ya misumari ya kutosha yanawekwa mawe juu lisipeperuke. Chini yake ukuta ni uleule wa udongo, ila sasa umevuliwa koti. Mvua kubwa inaulowesha kuanzia msingi mpaka juu. Upepo unasukuma. Ukuta unashuka, na mawe yale ya juu yanaufuata.

Cha kuumiza ni kwamba hii ni ardhi ya utajiri. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu 1940. Mgodi wa Geita wa sasa ulifunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001, na Buzwagi ukafuata palepale Kahama. Kwenye rashi za wachimbaji wadogo, mtu anaweza kushika dhahabu mchana na usiku akalala chini ya turubai.

Dawa haihitaji mgodi. Paa liinuke ili barafu iteleze. Kingo zitoke angalau hatua moja nje ya ukuta. Kenchi zifungwe vizuri kwenye ukuta, na ukuta uwe na lenta. Mawe ya juu yaondolewe, misumari iongezwe. Na dhoruba ikishapita, usipande juu kukwangua barafu: simama chini, tumia mti mrefu, halafu kagua ukuta kabla ya kuwarudisha watoto ndani. Ukuta uliolowa unaweza kuanguka kesho yake, jua likiwaka.

Na kuna dawa ya muda mrefu ambayo Shinyanga imeshaionja. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudisha ngitili, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimeanza kuota tena. Tunazoea kuhesabu miti hiyo kama kuni, malisho na mvua. Tuihesabu pia kama nguzo, kama kizuizi cha upepo, kama nyumba isiyomwangukia mtu usingizini.